Kadi Ndani ya Mlango

Juu ya paa, Kilimani, Jumamosi saa moja asubuhi.
Jiji bado linapiga miayo.
Nazima umeme, natia swichi kufuli,
ufunguo nauweka mfukoni:
vidole nilivyopewa ni hivi tu, havina spea.

Kisha brashi laini na maji ya sabuni.
Katikati ya mapezi ya alumini
nachomoa maua ya mjakaranda yaliyokauka,
unyoya wa mwewe,
vumbi jekundu la barabara isiyokwisha kujengwa.
Chujio likigongwa hutema sufu ya kijivu:
nywele, zulia, pumzi za wahasibu.

Trei ya maji ina ute wa kijani. Nauzoa kwa kiganja.
Mkanda naubonyeza kwa kidole gumba,
umelegea kidogo; nati naikaza nusu mzunguko.
Kwenye beringi natega sikio kama mkunga.

Bi. Jerotich huniuliza kila baada ya miezi mitatu:
"Mashine hii haijawahi kuharibika.
Sasa tunakulipia nini?"
Namwonyesha viganja. Anadhani natania.

Ndani ya mlango wa bati pana kadi.
Nusu yote ya juu ni mwandiko wa Oyier,
herufi zimelalia kushoto, tarehe zinakomea Machi.
Pembeni mwa Desemba aliandika:
Skrubu ya tatu ina kiburi, ibembeleze.

Naibembeleza.

Natia sahihi chini ya yake. Nawasha.
Feni inakohoa mara moja, inashika mwendo.
Jumatatu, huko chini,
mtu atavaa sweta
na kunung'unikia baridi.