Guni na Gunia

Jumamosi ya msimu, foleni hadi mtaro,
Somoe ana kalamu, usoni ana kihoro,
ametumwa na mwalimu beti zisizo kasoro.
"Shangazi, nitoe kero: mizani ni kitu gani?"

Nilicheka, wakacheka ghala zima Kitangari,
mimi ninayeandika kilo hadi Januari;
mzani nimeushika tangu mume kusafiri.
Nikamwambia, "Tayari umesimama shuleni.

"Mshororo ni gunia, lina pande mbili sawa,
nane ukishapakia, nane nyingine hutiwa;
kina ni kamba, sikia, katikati hufungiwa,
na tena ikavutiwa kule kule mdomoni.

"Bwana mmoja wa jana, gunia lake jepesi,
kuona kilo hapana, katia mchanga, basi.
Washairi nao, mwana, hutia 'sana' na 'basi',
maneno ya wasiwasi, yajaze bila thamani."

Akanitazama kwanza kama afisa wa kodi:
"'Sikia' ulipofunza, ulijazia idadi;
mchanga nao waanza kwako hapa, bila hodi!"
Nikakosa la zaidi, nikajitia kazini.

"Likizidi, twapunguza konzi moja, konzi mbili;
neno refu wakatiza, likabaki na asili:
'alokwenda' lapendeza kwa 'aliyekwenda' mbali…"
Nikameza neno kali, nikachota guniani.

Kaokota bibo bovu, korosho imejitenga:
"Kama mwana mshupavu aliyekataa kanga."
"'Kama' ni mti mkavu utumiao kujenga;
ukiung'oa, si janga, nyumba yabaki hewani."

Akasema katikati ya foleni, papo hapo:
"Mumeo ni hati, hati iliyokosa malipo."
Ikaanguka risiti, wala sijui ilipo.
Sitiari ni upepo, waingia mifupani.

Akafika Bi Mchopa na gunia lake moja,
pikipiki kaikopa, zamu yake kaingoja.
Hakuomba, hakuapa, hakutaja yake haja.
Mshale ulipokuja: sabini na tisa ndani.

Pungufu ya themanini hurudi, hiyo sheria.
Somoe yuko pembeni, vidole vyahesabia:
moja tu, kilo ya nini ya kumrudisha njia?
Kalamu ikasikia uzito wake moyoni.

Ningeweza kuandika themanini ya uongo,
mchanga ningeuweka kwa kalamu, si udongo.
Nikaandika hakika: sabini, tisa, na pengo;
nikafungua mlango, likaingia ghalani.

Hakusema neno lile, "asante" la kuzoea,
akagusa chuma kile kama mbuzi wa kulea.
Somoe kaona vile, kimya akajiendea,
rundo akaegemea, akaandika gizani.

Jioni kanisomea ubeti aloutunga,
vina vimemwitikia, kila kamba kaifunga;
mmoja ukapelea, si kwa kukosa kuchunga:
ni pale alipolenga Bi Mchopa mzanini.

"Gunia lilipopanda, mshale watetemeka,
mama, uso wa kidonda, shamba zima kalifyeka.
Kilo moja ilikwenda: nani ataitamka?
Pengo lake likafika, likalala ghalani."

Jumatatu karatasi ikarejea na wino
mwekundu, neno jepesi: "guni", na alama tano.
"Jaza," kaambiwa, "upesi; 'tu' latosha, dogo neno."
Kakunja yake mikono, pengo kaliacha ndani.

Leo nafagia ghala, msimu umeshakwisha;
risiti ile yalala, vumbi limeififisha.
Nyuma yake, bila "wala", bila "basi", naanzisha:
nane ya kwanza yatosha, ya pili iko njiani.