Kilo Arobaini

Meli ya Komoro inaruhusu kilo arobaini kwa kichwa.
Vichwa vyetu ni viwili.
Mimi niliyepima korosho za watu miaka ishirini na sita
kwenye ghala la chama, Nanguruwe,
leo naipima nyumba yangu.

Mizani ni ileile. Chama kilipoletewa ya kidijitali
hii wakaniuzia kwa bei ya chuma chakavu,
pamoja na tabia yake: hupunja nusu kilo.

Cherehani, kumi na mbili na robo. Itabaki.
Kinu cha mama, tisa. Kitabaki,
ila mchi nimeuviringisha ndani ya mkeka.
Redio, moja unusu.
"Kule zipo redio," namwambia Mfaume.
"Zinasema Kifaransa," anajibu,
anaivisha kanzu yake ya Idi isije ikavunjika.

Tunahamia Mwali, kisiwa ambacho kwenye ramani
kinafunikwa na ukucha wa kidole gumba.
Binamu yake Soilihi ameandika: vyumba viwili, kisima,
minazi kumi na minne, langilangi nyuma ya nyumba,
umeme huja ukijisikia.
Maisha mepesi, anasema Mfaume.
Ameanza kulisema neno hilo tangu malori ya makaa
yashike barabara yetu ya bandarini
na kanga zangu zikawa zinaanuliwa chafu kuliko zilivyofuliwa.

Wepesi huo una karatasi zake.
Pasipoti mbili. Picha sita za kununa.
Sindano ya homa ya manjano, cheti chake cha njano.
Na cheti cha ndoa, ambacho hatukuwahi kuwa nacho,
ikabidi tuozeshwe upya baada ya miaka thelathini na moja,
mimi na jino langu la kubandika, yeye na mgongo wake.
Kadhi akauliza mahari.
Mfaume akataja shilingi mia nne na mbuzi.
"Mbuzi yuko wapi?"
Mashahidi wakacheka mpaka wakakosea kusaini.

Somoe, jirani, alikuja kununua kabati,
akakaa, akala ming'oko yetu, akaangalia ukuta ulio wazi.
"Maisha rahisi," akasema. "Kula mizizi na chumvi, kulala saa mbili.
Mbona sisi tunayo hapahapa
na pasipoti hatuna?"
Kabati akalipia nusu. Nusu nyingine, msimu wa korosho,
nikiwa Mwali.

Usiku huu kitanda kimeshakwenda.
Tumekula juu ya mfuniko wa ndoo, kijiko kimoja,
tukipokezana.
"Unaona?" Mfaume akasema. "Ndivyo tutakavyoishi."
Umeme ukakatika.
"Na hivi pia," nikasema.

Amelala. Mimi nimewasha kibatari, narudia hesabu.
Sabini na tisa na nusu. Imebaki nusu kilo.
Nusu kilo kwa kila gunia. Nilijua.
Bi Nangota wa Mkunwa naye alijua,
alinitazama mkono, siyo uso,
akapokea stakabadhi yake, akasema asante.
Kila msimu, asante.
Kule Mwali hakuna anayejua jina la kazi yangu,
na hilo sijamwambia Mfaume
kwamba ndiyo minazi yangu, ndiyo kisima changu.

Nimetoka uani na kibatari, nimeokota chini ya mkorosho.
Themanini na tatu, zimejaa nusu kilo.
Afisa wa forodha akiuliza, nitasema ni za kutafuna.
Mkorosho huzaa mwaka wa tatu; mimi nina sitini na moja.
Nimepiga hesabu, inawezekana.

Kisha nikakumbuka mizani hii ni ya nani.
Bandarini wana yao, na yao haimjui mtu.
Nimetoa redio kwenye kanzu, nimeiweka dirishani.
Asubuhi atanuna.
Korosho nimezirudisha kwenye begi,
zote themanini na tatu,
nikaongeza kiganja kimoja
cha Bi Nangota.