Kusoma Mbele

Saa nane usiku, Tukuyu. Mvua haijamwuliza mtu.
Diski inakwaruza chini ya meza
na kiini cha mfumo kimekunja mikono:
kinaomba ukurasa mmoja, kinangoja,
kinaomba wa pili, kinangoja,
kama mtu anayenunua chumvi punje kwa punje.

Mama yangu asingevumilia.
Subilaga wa masjala, hospitali ya wilaya,
dirisha lenye ufa uliozibwa kwa plasta ya kidonda.
Daktari hakuwahi kumaliza kutamka mia nne na kumi
kabla mia nne na kumi na moja haijakaa mezani,
vumbi limeshafutwa kwa ncha ya kitenge.
Jumanne, kliniki ya kisukari, namba zilifuatana
kama mistari ya chai kule Katumba.
Alianza na faili nne. Akiona zinakwenda, nane.
Zikizidi kwenda, kumi na sita,
lundo likimfika kidevuni, anatembea kwa kukariri sakafu.

Halafu ile siku lori lilipopinduka Kiwira.
Namba zikaja ovyo: tisini, elfu mbili na tatu, saba.
Yeye miguu ilishazoea Jumanne.
Akaleta kumi na sita ambazo hakuna aliyeziita,
na faili la binti wa Mwaisumo, lililokuwa tayari mezani,
likasukumwa, likaanguka nyuma ya kabati.
Dakika kumi na moja walilitafuta.
Jioni hakugusa ndizi zake.
"Meza ile ni futi nne tu," alisema. "Futi nne."

Basi ninaandika, vidole vimekufa ganzi kwa baridi:
ukipatia, leta maradufu;
ukikosea, rudi kwenye moja, usibishane;
na kabla hujaweka kipya
tazama kwanza nani amelala pale, na kama kuna anayemngoja.
Najenga upya. Nawasha. Nahesabu.
Sekunde arobaini na moja zimekuwa kumi na tisa.
Ile hifadhidata yenye kurukaruka bado inanishinda,
nimeiachia alama ya kuuliza kwenye daftari.

Mlango unalia. Mama, shali begani,
kikombe cha chai ya maziwa, tangawizi inafuka.
Anasogeza nyaya kwa kiwiko, anapata nafasi ya kukiweka,
anaondoka bila kunitazama.

Sikuwa nimeomba.
Nilikuwa ndiyo kwanza nafungua mdomo.