Sehemu ya Kumi na Mbili

Banda la Bukuru, Gungu, nyuma ya mashine ya kusaga:
mia tatu benchi, mia mbili sakafuni,
na vumbi la unga likielea kwenye mwanga wa runinga
kama nyota zisizo na kazi.

Tulikuwa tunafuata ile ya chombo cha anga,
mji mzima umefungwa ndani ya chuma,
miaka mia mbili safarini.
Juu wanakaa wenye madirisha.
Chini, ubavuni mwa injini, waliopandia njiani,
wachimba barafu wa mwezi wa tatu,
na kila asubuhi mlango unawauliza: wewe wa wapi?

Bukuru alitutafsiria,
kipaza sauti kimefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Kiingereza chake cha kukopa,
kilipomkatikia alijazia Kiha.
Mlango ule haukusema hivyo, nina hakika,
ila kinywani mwa Bukuru ulisema:
Taja jina la babu. Kaburi lake liko wapi?
Mwenyekiti wa kitongoji anakufahamu?

Tukacheka. Ruhaga fundi cherehani alicheka mpaka akapaliwa.
Kisha tukanyamaza, mmoja mmoja,

maana Ruhaga mwenyewe, juzi, kizuizini,
aliimbishwa wimbo wa taifa, beti zote mbili,
kuku wake wawili wakimning'inia mkononi.
Na kitambulisho cha Seredina "kinashughulikiwa"
tangu mwanawe yuko darasa la pili.
Mwana sasa ananyoa ndevu.

Nahodha wa chombo hakuwa mbaya, ndilo lililotuuma.
Alifuga paka. Alilia usiku.
Asubuhi alisaini.
"Huyu," alisema Bukuru, kipaza sauti kikikoroma,
"huyu mwenye huruma na kalamu, mwogopeni."

Sehemu ya kumi na mbili, Bukuru hakuja.
Ameitwa ofisini, aende na mashahidi wawili
na picha ya kaburi la bibi.
Jina lake, wamesema, ni la ng'ambo.
Ng'ambo nako pacha wa kwanza huitwa Bukuru,
jina lilivuka kabla ya mpaka kuchorwa.

Runinga akaiwasha Butoyi, pacha wake,
aliyemfuata duniani kwa dakika ishirini.
Butoyi kitambulisho anacho.
Alikaa kando ya jenereta, hakutazama mtu.

Mlango ukafunguka, ukauliza kwa lugha yake.
Hakuna aliyetafsiri.
Kipaza sauti kimelala kitini.
Mara, toka sakafuni, upande wa mia mbili,
sauti ya mtoto: "Taja jina la babu!"

Na Seredina, bila kusimama:
"Gwimo. Yuko Heru Juu, kwenye shamba la mihogo.
Njooni na majembe."

"Ntahondi," akasema Ruhaga. "Manyovu."
Mwingine akataja. Mwingine.
Butoyi alitaja wa mwisho, babu wa wawili,
akalitaja mara mbili.

Ile sehemu, mpaka leo, hatujui iliishaje.