Soketi Ileile

Jumamosi saa tatu usiku, Chorzów, ghorofa ya nne,
theluji imeganda kwenye waya za tramu,
nami nimekufa tena.
Si kwa kukosa shabaha. Moshi ulipanda,
watu mia wakamiminika darajani kwa mpigo,
na picha ikakwama kama mtu aliyesahau alichotaka kusema:
fremu tisini, hamsini, ishirini na moja.
Ilipozinduka nimelala chali,
viatu vyangu vinamtazama aliyeniua.
"Umekufa tena, Dobrochna," anasema Gniewko kutoka Bergen,
huku anatafuna. Siku zote anatafuna.

Nikafungua vipimo.
Kadi ya picha, niliyoilipia miezi kumi, asilimia hamsini na tano:
imekaa, imekunja mikono.
Prosesa, mia kwa mia, inahema.
Mpishi hodari jikoni, na mhudumu anayechechemea
akimletea maagizo moja moja.

Mtaka cha mvunguni huinama. Niliinama chini ya meza,
tochi mdomoni, vumbi la mwaka mzima puani,
nikasoma jina la soketi kwenye ubao mama.
Soketi ni ukoo mkali:
haikuulizi una kasi gani,
inakuuliza wewe ni wa nani.

Dukani Katowice, kijana mwenye beji iliyoandikwa Ziemowit
alinipeleka moja kwa moja rafu ya juu.
Kori kumi na sita!
Mchezo wangu unatumia ngapi?
Akakohoa. Sita. Labda nane.
Basi hizo nyingine nizifuge?
Na ukimwalika huyo mmoja, anakuja na shangazi zake:
ubao mpya, memori mpya, feni lenye kimo cha mtoto.
Nikajumlisha nyuma ya risiti ya mkate,
zloti elfu tatu na mia mbili.
Mimi hufunga bandeji zamu ya usiku.
Najua elfu tatu ni mikesha mingapi.

Baba, aliyechimba makaa miaka thelathini chini ya mtaa huuhuu,
aliigeuza risiti, akaigeuza tena.
"Unanunua kasi," akasema, "ili ukae?"
Kisha akatoa mia mbili kwenye kopo la chai,
akaziweka mezani bila kunitazama.

Gliwice, Radzim alikuwa anauza yake.
Kori nane tu, soketi ileile ya kwetu,
ila ndani ina ghala pana lililojengwa mlangoni pa jiko:
kinachohitajika kipo mkononi kabla hakijaitwa.
"Mbona unauza?" Akaelekeza kwa kidevu:
kitanda cha mtoto, bado kwenye boksi,
kimeegemea pale palipokuwa na meza.
Mia nane na hamsini. Sikuomba apunguze.

Kwanza kuulisha ubao programu mpya:
dakika sita za skrini nyeusi,
nikiombea umeme wa mtaa mzima usikatike.
Kisha skrubu nne, pamba, spiriti.
Nikaigeuza ile ya Radzim kwenye mwanga: pini moja imelala.
Moja, kati ya zaidi ya elfu.
Nimewachoma sindano watoto wasiotulia,
mkono haujapata kutetemeka kama jioni ile.
Nikainyanyua kwa ncha ya kalamu isiyo na risasi,
taratibu, taratibu, mpaka ikasimama na wenzake.
Haikutaka kusukumwa. Iliketi.
Dawa ya joto, kadiri ya punje ya choroko.

Jumamosi. Moshi unapanda. Mia wanamiminika darajani.
Naona kila kitu: mishono ya kofia, mvuke wa pumzi,
na yule jamaa wa dirisha la kushoto
anayeinua bunduki kwa utulivu,
kwa fremu mia moja na arobaini,
bila chembe ya kukwama,
nami nimeduwaa, namtazama alivyo safi.

"Umekufa tena," anasema Gniewko.

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.
Nakaa gizani na feni lisilopiga kelele,
nalitafuta jua, silioni.
"Anzisha upya," namwambia. "Na uache kutafuna."