Dakika Nne

Mama alikuwa na kanga ya kazi hiyo,
kisutu kilichochakaa pindoni.
Midomo ikikaribiana kiooni
anaitupa juu ya runinga:
"Nendeni mkawaangalie mbuzi."
Hatukuwa na mbuzi.
Tulibaki mkekani, tukaisikiliza kanga ikipumua.

Leo nina kibanda jirani na stendi ya Newala,
kompyuta, spika moja mbovu,
na Bi Somoe Nampota anafungua fundo la pesa za korosho:
"Yale mambo nikatie. Nibakizie hadithi."

Nikakata. Dakika nne na kitu.
Bastola hakuitaja, nikaiacha;
damu ikamwagika, wajukuu wakaendelea na mihogo yao.

Akapita Bwana Chilumba wa ofisi ya utamaduni,
mpole, kitabu cha risiti kwapani:
"Hii kazi ina mwenyewe. Nani kakuruhusu kuipunguza?"
Nikasema, na kanga ya mama je, nayo ingeshtakiwa?
Akakuna kidevu.
"Ile ilifunika. Haikukata. Wala haikutoza mtu."

Neno hilo nililala nalo, halikulala.

Asubuhi Bi Somoe huyo, kashika kiuno:
"Yule binti mwishoni analia. Analilia nini?"
Jibu nilikwisha kulifuta, limo katika zile dakika nne.

Nikamrudishia pesa yake, na picha nzima,
nikamuuliza, "Bibi, kanga unayo?"

Akanitazama
kama niliyemuuliza iwapo ana mikono.