Saa Mbili

Nashika saa moja, naona saa mbili.
Mteja anacheka: "Fundi, umeongeza bidhaa?"
Sicheki. Kibano kinachota hewa,
skrubu ndogo kama chawa
imeangukia vumbi la Mtaa wa Mchikichi,
nami nimemwinamia pacha wake, ambaye hayupo.

Ulianza mkanda wa jeshi
upande wa kulia wa paji la uso,
malengelenge yamepanga foleni hadi kwenye nyusi.
Hata moja halikuvuka katikati,
kama wapangaji wanaoheshimu ukuta.
Kibwana wa chumba cha mbele akasema nimerogwa.
Vipele vikakauka. Nikashukuru mapema.

Siku ya tisa jicho likagoma.

Muhimbili, Dokta Mwasumbi alinyanyua kalamu,
akaisogeza kulia kwangu: "Ifuate, kichwa usigeuze."
La kushoto liliifuata kama mtoto na muuza barafu.
La kulia likafika katikati, likakaa,
karani aliyeapa hainuki kitini.

Akauliza kama niliwahi kuugua tetekuwanga.
Darasa la pili, Buguruni. Mama alinikata kucha zote,
akanifungia ndani nisijikune.
Nilidhani vimekwenda. Kumbe vile virusi
vilipanga kwenye mshipa wa fahamu
miaka hamsini na mmoja, bila kodi, bila kelele,
vikisubiri mwenye nyumba achoke.

Mke wangu anaitwa Tatu.
Jioni ile nilimwona wawili, bega kwa bega mlangoni,
doti moja ya kanga, swali moja: "Wamesemaje?"
Nilipowaeleza, wakacheka kwa sauti moja.
"Umeoa mke wa pili bila mahari!
Basi leo yeye akupikie."
Akapika mwenyewe. Nikalimega tonge
kwenye sahani ya uongo, kucha zikagonga meza.
Hapo hakucheka tena.

Usiku alinishonea kifuniko cha jicho
kwa ngozi ya mkanda wa saa ya marehemu baba.
Nikikivaa, dunia hurudi moja,
ila bapa, kama picha ya pasipoti.

Hii ni wiki ya kumi na moja.
Dokta anasema wengi hupona. Hakusema wote.
Kila alfajiri nafunua, natazama taa ya uani.
Juzi zilikuwa mbili, kati yake shubiri.
Leo, vidole vinne.
Tatu amekaa kizingitini, anachambua mchele,
haniangalii.
"Siku tukibaki mmoja," anauliza,
"utakuwa umembakiza yupi?"